Ndara za Mwatima

Kwetu Mkunazini mtu hupiga hodi tatu, asipojibiwa huondoka. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, tulikosomea Kurani. Lakini hodi tatu ni za mgeni. Jirani hutazama viatu mlangoni, akiviona anaingia, na hodi zake huzimalizia ndani.

Ndara za Mwatima zilikuwa za buluu, kamba moja imeshonwa kwa uzi mweupe, na mtaa mzima ulizijua. Zikiwepo, naye yupo. Akiwepo, una mpishi wa shughuli, mkandaji wa mzazi, mwosha maiti na mtu wa kukushikia mtoto, wote pamoja. Ana miaka hamsini na nne, mumewe amefariki, mabinti zake wameolewa. Sisi tulimhesabu kuwa hana kazi. Mimi, Nadhira, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye niliyekuwa nikimwita kuliko wote. Nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine.

Mwaka jana, baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndara zikaanza kutoweka. Kila siku saa kumi hazipo, saa kumi na mbili zimerudi. Mlango umefungwa, hodi haijibiwi. Mjane anayetoka kila alasiri bila ya kuaga, kwetu ana tafsiri moja tu: ameolewa kwa siri. Bi Saadiya wa nyumba ya mbele alishampatia na mume, mwuza vipuri mmoja wa Darajani. Bi Borafya, jirani yetu mwengine, alisema hapana, ni mtu wa Chwaka, kwa kuwa siku hizi Mwatima hununua samaki wengi mno kwa mtu mmoja. Samaki wale alikuwa akinipikia mimi. Sikusema.

Tukakubaliana tumsubiri, tuone anarudi kwa njia gani. Jumatano, baada ya sala ya alasiri, tukakaa watatu kwenye baraza ya nyumba yake, chini ya dirisha lake, na birika la chai ya tangawizi. Saa nzima hakutokea. Tukamzungumza. Ukikaa kwenye baraza ya mtu humzungumza mwenyewe, la sivyo utamzungumza nani?

"Mie siamini kama ana mume," nikasema. "Mwatima hana lake yule. Ndo maana ukimwita anakuja. Angekuwa na lake asingekuja."

Wenzangu wakacheka. Ndani ya nyumba mtu akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," sauti ikasema.

"Yarhamukillah," tukajibu sote watatu, maana hilo hutoka lenyewe.

Aliyeombewa kwa chafya yake naye lazima awaombee waliomwombea. Tulimsikia akikawia kidogo, kama anatafuta njia nyengine. Haikuwepo.

"Yahdikumullah," akasema Mwatima, akafungua mlango.

Ndara zilikuwa ndani, chini ya meza. Juu ya meza kulikuwa na kitabu cha biolojia, kitabu cha hesabu, daftari, na penseli iliyochongwa kwa kisu. Kumbe alitolewa skuli kidato cha pili ili amuuguze mamake, na siku aliyotolewa darasa lilikuwa limefika kwenye somo la moyo. Sasa alikuwa akijiandaa na mtihani wa watu wazima, ule wa kumfungulia mtu njia ya kufanya kidato cha nne. Mara ya kwanza aliukosa, kwa kuwa alfajiri ya mtihani alikuwa hospitali na mkwe wa Saadiya aliyeshikwa na uchungu. Mara ya pili alilala juu ya karatasi, baada ya siku tatu za kupika harusini. Harusi ilikuwa ya mwanangu.

"Mbona hukutwambia?" akauliza Saadiya.

"Ningekwambieni, mngekuja kila siku kunipa moyo." Na kweli tungekuja.

"Na safari hii ukifeli?" akauliza Borafya.

"Basi. Sirudi tena. Ntakuwa nshajua kama siwezi." Kisha akanitazama mimi. "Nnalo, Nadhira."

Nikainama nikakusanya vikombe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na haya si kitu nilichokizoea.

Tukaahidi kutomsumbua. Kesho yake Saadiya akampigia hodi kumwambia kwamba leo hatamsumbua. Borafya akampelekea visheti vya kumtia nguvu ya kusoma, akakaa kumtazama akivila. Mwatima akarudi kuficha ndara. Sisi tukawa tunajua kuwa yupo na tunajifanya hatujui, kazi ambayo nadhani ni ngumu kuliko hesabu.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumapili ya kabla yake nilikuwa na hitima ya marehemu baba, watu sitini, na pilau nikalisimamia mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Saa kumi na robo, juu maji hayajakauka, na chini lishaanza kunuka. Hapo pilau humtaka mtu anayejua kama apunguze moto au apalie makaa juu ya kifuniko. Mimi sikujua. Nikatoka mbio.

Ndara zilikuwa nje. Siku hiyo alizisahau. Mkono wangu ulishafika mlangoni nilipomsikia ndani akijisomea kwa sauti, polepole: damu inatoka upande wa kulia wa moyo, inakwenda mapafuni. Akanyamaza ghafla. Kaka yangu Usi akatokea nyuma yangu, anahema.

"Yupo?"

Nikaziokota ndara nikazitia ndani ya buibui. "Katoka," nikasema. "Huoni hapana viatu?"

Pilau lilishika chini, juu likabaki bichi. Watu sitini walilila. Dua ya baba ilikwenda haraka kidogo kuliko kawaida. Shangazi alisema marehemu alikuwa mtu mvumilivu.

Asubuhi, saa moja, nikasikia hodi moja. Mwatima amesimama mlangoni, amevaa buibui jipya, mkononi kalamu mbili, miguuni hana kitu.

"Nipe viatu vyangu, shoga, ntachelewa."

Nikampa. Akavivaa pale pale kizingitini.

"Jana nlisikia harufu ya pilau lako linaungua," akasema. "Kisha nkasikia nyayo zako. Nkaweka kalamu chini, nkangoja hodi." Akazitazama ndara. "Haikuja. Nkarudi kusoma."

"Nenda," nikamwambia.

Asubuhi ile watu wawili walikuja kumuulizia. Mmoja alitaka mtu wa kumkandia mzazi.

"Mwatima hayupo," nikawaambia. "Ana lake."