Mpunga wa Kaisho katika Bonde la Kituntu

Kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni siku mume wangu Petro alipomwaga kikapu cha mapepe miguuni pa kaka yangu, mbele ya majirani.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Kaka yangu Kaberwa alikuwa ametoka kwao Kaisho kwa miguu, akalala njiani Nkwenda, ili aje Kituntu kumwona mtoto wetu wa kwanza. Nilimkaribisha, nikampa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi yetu. Hata hajaimaliza, Petro akatoka ndani na kile kikapu.

“Mbegu yako hiyo, shemeji. Rudi nayo.”

Mapepe, kama huyajui, ni punje za mpunga zisizo na kitu ndani. Kwa macho ni mpunga. Ukizibonyeza ni maganda matupu. Shamba letu la bondeni lilijaa hayo. Mwaka ule Petro aliacha kupanda maharage ili apande mpunga, kwa hiyo tulibaki na migomba ya nyumbani tu, na mimi nilikuwa nanyonyesha.

Mbegu yenyewe ilikuwa chotara. Bwana Shamba wa Nkwenda ndiye aliyempa Kaberwa. Mzazi wake mmoja alikuwa mpunga mrefu, unaozaa sana lakini unaochelewa kukomaa. Wa pili ulikuwa mfupi, unaowahi, ila masuke yake haba. Kaberwa aliupanda kule chini karibu na mto Kagera, akavuna mpaka akakosa pa kuweka. Furaha ikimzidi mtu humkumbuka ndugu yake, ndipo akatugawia.

“Shemeji,” Kaberwa alisema, “nilichokupa ndicho nilichopanda mwenyewe.”

“Basi ulikichemsha kwanza.”

Neno hilo ni zito, mwanangu. Kumchemshia mtu mbegu ni kumtakia njaa. Kaka yangu alisimama, akamgusa mtoto kichwani, akaondoka bila kula. Petro akatangaza kwamba mtu wa Kaisho asikanyage tena pale. Na mimi, niliyezaliwa Kaisho, nilikuwa nimekaa palepale na mtoto mapajani.

Baba mkwe wangu, Mzee Kabyemera, hakuwepo. Aliporudi na ng’ombe na kuambiwa, hakupiga kelele. Asubuhi alituita sote wawili.

“Petro, umemwona Kaberwa akichemsha?”

“Hapana, tata,” Petro alimjibu baba yake.

“Umewahi kulima mpunga kabla ya huu?”

“Hapana.”

“Bonde lako umelijua lini, basi, hata ukaamua kuwa kosa ni la mbegu?” Akatengeneza kiko chake. “Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Wakasema pia, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe umeshika la kwanza ukalitupa la pili. Mimi nimefuga. Dume moja limenipa ndama wawili. Mmoja alikulia kwenye majani mazuri, mwingine kwenye mawe. Ungewaona usingeamini kuwa baba yao ni mmoja. Lakini pia nimepata ndama wawili waliokula jani moja, na mmoja akawa na maziwa na mwingine hana. Hasira hasara, mwanangu. Umemfukuza ndugu wa mkeo kabla ya kuuliza.”

Petro aliinamisha kichwa, ila hakukubali. Mzee akaamua yeye. Nichukue zile punje chache za shamba letu zilizokuwa na kiini ndani, nizipeleke Kaisho, nirudi na mbegu ya Kaberwa. Katika kila bonde, la Kaisho na la Kituntu, mbegu zote mbili zipandwe, mstari kwa mstari.

Nilifunga mtoto mgongoni nikaenda. Nilipopita Nkwenda nilimweleza Bwana Shamba, kijana wa Kihaya kutoka upande wa Bukoba, mpole, asiyeogopa tope. Alifurahi. “Mzee amewaza vema,” alisema. “Ongezeni jambo moja tu: pandeni siku moja, jaruba moja, maji yaleyale. Hapo hakuna atakayebaki na la kusingizia.” Kaberwa naye alinipa mbegu bila neno baya. Nilipomwomba asamehe alisema, “Acha mpunga useme kwanza.”

Masika yakaja, tukapanda. Mvua ikakatika, kipupwe kikaanza, na kufikia mavuno tulikuwa tumeshaona. Kule Kaisho mistari yote miwili ilijaa. Ile mbegu iliyotoka kwetu ilizaa sawa na yao. Kwetu Kituntu mistari yote miwili ilitoa mapepe. Bonde letu ni jembamba, limebanwa na vilima; baridi ya kipupwe hutuama humo na ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Mpunga wetu ulikuwa ukichanua wakati huohuo, na mpunga ukishikwa na baridi ukiwa kwenye maua haufungi punje.

Petro alisimama kwenye tuta akibonyeza mapepe. “Nimemvunjia heshima mtu bure,” alisema.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Bwana Shamba alipofika aliingia majini, akaanza kupekua shina kwa shina, akaniita. Katikati ya mapepe palikuwa na mashina machache, mafupi, yenye masuke mazito. Alinieleza kuwa chotara ni kama watoto wa tumbo moja: mmoja humfuata mama, mwingine baba, mwingine huchanganya. Yale mafupi yamemfuata mzazi anayewahi. Yalichanua kabla ya baridi. “Mama, usiyachanganye na mengine. Yafunge kamba ya mgomba, uyavune peke yake.”

Nikafanya hivyo msimu ule na misimu iliyofuata, nikichagua yanayowahi na kuacha yanayochelewa, mpaka tukapata mpunga wetu wa Kituntu. Kaberwa naye aliutamani, akaupanda kule kwake. Uliwahi kuiva kuliko mashamba yote, ndege wa bonde zima wakauhamia. Hakuvuna hata wa kujaza chungu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ndiyo, alikuwa anacheka na sisi tena. Petro alikwenda Kaisho mwenyewe, amebeba mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mtoto begani, akaomba radhi mbele ya watu, kwa sababu tusi lilitolewa mbele ya watu. Mzee Kabyemera tulimpikia wali wa kwanza. Alionja, akasema ni mzuri, akaomba ndizi zake.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukipewa kitu kizuri kikakuharibikia, usikimbilie kumtuhumu aliyekupa. Tazama asili yake, kisha utazame mahali ulipokiweka, maana kimoja peke yake hakikupi jibu. Ukiwa na watoto, usimpime wa bondeni kwa wa mlimani, wala usidhani waliolelewa pamoja watakuwa sawa. Ukimkosea mtu hadharani, mtake radhi hadharani. Na palipoharibika usichome shamba lote. Ingia majini, utafute shina lililosimama, ulitunze.

Mungu akunyeshee mvua kwa wakati wake. Akupe macho ya kutambua na moyo wa kungoja, na kazi ya mikono yako ikae na kuzaa. Amina.