Udi Wangu na Kikao cha Jumatano

Mimi ndiye niliyemwondoa bosi wa Lorraine kwenye kiti cha daktari wa meno, nikamsimamisha kando ya barabara mjini Rockville, Marekani, na kitambaa cha plastiki shingoni, nusu ya mdomo imekufa ganzi, mate yanamtiririka, gari la zimamoto linalia nyuma yake. Simsingizii mtu. Ni mimi na udi wangu, na ni aibu ambayo nikiikumbuka niko jikoni peke yangu huanza kusema na sufuria.

(Lorraine si jina lake. Ameniruhusu nisimulie kwa sharti nimbadilishe jina, na nisijipunguzie upumbavu.)

Kila Jumatano jioni hukutana wanawake kadhaa, weusi na wengine wasio wazungu, kwenye chumba cha ghorofa ya pili, pamoja na Dokta Yvonne, mshauri wa afya ya akili, Mmarekani mweusi ambaye kazi yake ni kutusikiliza mpaka tuanze kujisikiliza wenyewe. Aliyenipeleka ni Wanjiru, nesi, Mkenya wa bara, baada ya kunikuta nalia garini kwa matusi ya familia ya mzee ninayemtunza. Nilikwenda nikidhani nitasikia umbea. Nikakuta wanawake wanaotaja maumivu yao bila kuyapamba, mmoja akisema wengine wanatulia, hakuna wa kumkatiza wala kumwambia yataisha. Ujasiri wa namna ile sijapata kuuona, wallahi, na mimi nimelelewa katika nyumba ya wanawake wenye midomo.

Lorraine ndiye aliyekuwa kimya kuliko wote. Kazini amefundisha wafanyakazi wapya weupe ambao bosi huwapandisha cheo wakampita, na bosi huyohuyo humshika nywele mbele za watu akicheka. Kila Jumatano aliaga kazini kwamba anampeleka mama yake hospitali. Alijua bosi akigundua anakuja kwetu atasema kichwa chake si kizima, na kazi itakwenda, na mama kweli ni mgonjwa anayemtegemea yeye.

Sasa mimi. Siku hiyo niliwahi, nikakuta chumba kinanuka zulia bichi na kahawa ya jana. Kwetu Mombasa wanawake wakija kukaa, chumba hufukizwa kwanza, ndiyo heshima yao, na hawa walistahili heshima kuliko wageni wote niliowahi kuwapokea. Nikajiambia, nifukize kidogo tu. Chetezo cha kufukizia kilikuwa mkobani (ndiyo, nilitoka nacho nyumbani, msinicheke), pamoja na vile vidonge vya makaa vinavyoshika kwa kiberiti. Nikatia udi, nikaona moshi mwembamba, nikaongeza.

Wanjiru akaingia, wenzake nyuma yake.

"Mama Salim! Unachoma nini? Hii ni ofisi, si harusi!"

"Nyamaza wewe, vuta pumzi."

Hakuwahi kuivuta. King'ora cha moshi kikalia, nami badala ya kuzima makaa nikapanda kiti nikakipepea king'ora kwa mtandio, moshi ukatoka mlangoni, ukaingia koridoni, king'ora cha huko nacho kikaitikia, na jengo zima likaamriwa kutoka nje. Nikashuka ngazi na chetezo mkononi kinafuka (ningekiacha wapi na moto ndani?).

Nje wakatoka watu wa ghorofa ya chini, kwa daktari wa meno. Lorraine akanishika mkono.

"Yule ni bosi wangu," akanong'ona, akinionyesha mwenye kitambaa cha plastiki shingoni.

Hapo ningenyamaza. Lakini nikasogea mbele na chetezo changu, nikapaza sauti, "Huyu ni shoga yangu, tumekuja sherehe ya kuzaliwa!"

"Sherehe?" Kwa ile ganzi, neno lilitoka kama la mtoto mwenye uji mdomoni. Akamgeukia Lorraine. "Si ulisema uko hospitali na mama yako?"

Wanjiru akanivuta nyuma kwa mtandio. Wenzetu wakasogea wakasimama karibu na Lorraine, kimya, vilevile kama tukiwa ndani. Naye akavuta pumzi.

"Mama yangu yuko nyumbani," akasema. "Ninayetibiwa ni mimi. Nakuja hapa kwa sababu ya unayonifanyia kazini. Na nywele zangu usiziguse tena."

Bosi akajifuta mate kwa kile kitambaa cha plastiki.

"Hicho ni cha nani?" mtu wa zimamoto akauliza.

"Changu, baba," nikasema, akakimwagia maji kikalia kama paka.

Nilitaka ardhi inimeze. Dokta Yvonne akatazama saa, akaketi ukingoni mwa barabara na sketi yake safi. "Muda wetu haujaisha," akasema. Tukaketi. Lorraine alisema mpaka mwisho, magari yakipita, na hakuna aliyemkatiza.

Nimeapa sitawasha hata kiberiti mahali ambapo watu wameweka siri zao. Lorraine anasema nisiombe radhi, alikuwa amechoka kunong'ona. Sawa, lakini siri ilikuwa yake, na wakati wa kuitoa ulikuwa wa kuchagua yeye, si udi wangu.

Bosi hakumwambia neno wiki nzima. Jana amempa ujumbe kwamba Jumatatu asubuhi afike ofisini kwake. Hakusema kwa nini.