Fufu ya Kambale

Dada yangu mkubwa alichimba bwawa nyuma ya nyumba yake, Beni, kwa sababu moja tu: asirudi tena shambani. Shamba lake liko upande wa msitu, na jirani zake wawili walikatwa mapanga na waasi huko wakivuna kakao. Bwawani aliweka vitoto vya kambale, vyembamba kama njiti za kiberiti.

Asubuhi na jioni aliwatwangia fretini, vile visamaki vikavu vya ziwani, akachanganya na kiini cha yai. Mimi nilishuka kutoka Butembo kumsaidia, na nilishuka na mdomo wangu. Risasi zilipofunga barabara, fretini zikakosekana sokoni.

"Yaya, bapatie fufu," nikamwambia dada. "Siye bote tulikomea na fufu toka butoto."

"Lakini aba batoto banatakaka nyama, hapana fufu."

Kwetu asiyekula fufu, ugali wetu wa muhogo, hajala, hata ameze nini. Nikashikilia langu, naye akachoka kubishana. Siku tatu tukawatupia mabonge.

Siku ya nne maji yalitibuka. Walikuwa wanakulana. Mmoja alimdaka mwenzake kwa mkia, akammeza mpaka kichwa tu kikabaki nje, kinahema, kisha kikakatika kikazama. Wengine walielea bila matumbo. Niliingia majini nikawapiga kwa kikapu, nikiwatukana.

Yaya hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alichukua jembe na ndoo.

"Kwa shamba kuko kichuguu," alisema. "Naenda kubachimbia muswa. Ile iko na mafuta."

Nilimwambia asiende, mchwa si kitu cha kufia. Alitia jembe begani akaondoka. Ushauri wangu alikuwa ameshausikiliza mara moja.

Walimrudisha saa nane mchana kwa pikipiki, katikati ya dereva na jirani, amefungwa kwa kitenge chake mwenyewe. Panga lilimshukia shingoni. Mchuma janga hula na wa kwao, husema watu. Mimi nilichuma, akala yeye peke yake. Jirani alikuwa ameileta na ndoo. Ilikuwa imejaa, na mchwa walikuwa bado wanatembea.

Nilichukua mchi nikaenda bwawani kuwaua kambale wote. Niliwachukia. Halafu nikaweka mchi chini, nikamwaga ndoo majini.

Walipanda juu wote pamoja, wakala, wakashiba. Siku hiyo hakuna aliyemuuma mwenzake.