Kigoda cha Babu Kilichokwenda Mikumi

Kusoma nilijifunza ukubwani, nina watoto wawili tayari. Nilikuwa kibarua wa kukata mkonge karibu na Kilosa, na jioni tulikaa bandani kwenye elimu ya watu wazima. Mwalimu wetu binti mdogo, anatuamkia shikamoo halafu anatugombeza kama watoto wake. Chaki zikiisha tunaandika kwa mkaa. Neno la kwanza kuliandika mwenyewe halikuwa jina langu, lilikuwa jina la babu. Nililibeba kwenye kipande cha boksi mpaka nyumbani, kijijini kwetu Ulaya, mke wangu akakiwashia moto. Hakukusudia, aliona boksi tu.

Nasema haya kwa sababu wengi hawakujua kuwa nasoma. Nasoma polepole, kwa kidole, lakini nafika.

Babu alichonga vigoda. Chini ya kila kigoda aliweka alama ya unyayo wa kuku, ndiyo sahihi yake. Kimoja cha mninga alijiwekea mwenyewe. Kwetu mtu akifa, mrithi wake hukalishwa kwenye kigoda chake mbele za watu, hapo ndipo anapolipokea jina. Baba alikalishwa pale. Nami nikakalishwa pale.

Basi ikaja miaka ya ruksa, serikali ikaachia biashara, kila mtu akafungua kitu. Huyu mashine ya kusaga, yule mitumba pale Magomeni ya Kilosa. Mtani wangu akafungua makumbusho Mikumi, chumba kimoja kando ya barabara wanakopita watalii wa tembo. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, tunazikana na kutukanana. Akaja Ulaya na baiskeli kutafuta vitu vya kale.

"Bado hujafa tu?"

"Nife, nani akufukie wewe?"

"Nipe hicho kigoda. Makalio yenyewe yamekauka, unakionea bure."

Tukacheka mpaka machozi. Akasema kitakaa ndani ya kioo, na jina la babu litaandikwa, walisome wazungu na watoto wa shule. Jina ndilo lililonimaliza. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, na mwanao atakalishwa juu ya nini?" Nikamjibu, siku hiyo kitarudi.

Ningekuwa namwazima mtu baki ningeita wazee wawili washuhudie. Kwa mtani niliona aibu. Na kwetu kila mtu anajua, alichobeba mtani hakidaiwi.

Masika mbili zikapita. Nikaenda Mikumi kukiona, nimevaa koti la mtumba, kwapani jogoo mwekundu wa kumzawadia mtani. Mle ndani mlikuwa na vyungu, mikuki ya wafugaji, picha za watu maarufu wa kwetu. Kigoda kilikuwa juu ya meza, kioo hakuna. Karatasi imeegemezwa. Nikaweka kidole. *Kigoda cha mchongaji maarufu wa Kilosa.* Halafu jina. Nikarudia mara tatu, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu.

Lilikuwa jina la babu yake yeye. Namkumbuka mzee yule, alikuwa akipakia kuni kwenye treni pale Munisagara. Mtu mwema sana. Tezo ya kuchongea hakuishika hata siku moja.

Mtani alikuwa na wageni. Nikamwita. "Mtani, hili jina la nani?"

Akanitazama, akakitazama kidole changu kwenye karatasi.

"Kumbe unasoma?"

Hakusema nimekosea. Hakusema samahani. Kumbe unasoma.

"Kigeuze," nikamwambia, "uone unyayo wa kuku."

"Wageni hawageuzi. Nyumba yangu, babu yangu. Ah, mtani unanuna? Ukinuna unalipa kuku!"

Akacheka, na wageni wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Ni kweli, ndiyo desturi: anayemkasirikia mtani wake hutozwa kuku. Lakini machoni mwake sikuona utani. Niliona mtu aliyefunga mlango akatia ufunguo mfukoni.

Nikamshusha jogoo, nikamfunga kwenye mguu wa kigoda.

"Nimelipa," nikasema. "Sasa nimekasirika."

Jogoo akapiga mbawa, karatasi ikaanguka. Nikatoka nje kwenye jua. Nyuma yangu akawa anaita, "Mtani! Mtani wee, rudi!" Nikavuka barabara, wala sikurudi tena.