Utando Uliofumwa na Seli

Mume wangu alinimwagia karai la mafuta ya moto mchana kweupe, mbele ya wateja wangu wa viazi pale Msambweni, kwa sababu nilikataa kumfuata kwao Majoreni. Nilipoanguka alinipiga mateke ya mbavu mpaka wateja wakamshika.

Hospitalini waliukwangua mkono wangu ulioungua kuondoa nyama iliyokufa. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka, nikamng'ata muuguzi.

Kisha daktari akaleta utando mwembamba, mweupe. Mama akamuuliza, "Huu si wa nguruwe, mwanangu?"

"La, mama. Umetokana na seli za binadamu tulizozikuza maabara. Seli hujifumia wavu wa kuzishikilia. Tunaziosha seli zote zitoke, wavu ubaki. Ukiachwa hivyo, kidonda huuyeyusha upesi, kwa hiyo tunautia kemikali ya kuzifunga nyuzi zake zikazane. Seli za binti yako zitaingia humo, zijenge ngozi yake mwenyewe."

Mama akasema bismillahi, nao wakaushona.

Ulishika. Baada ya miezi niliweza kukunja vidole. Ndipo wazee wa mume wangu wakaja kabla ya kesi yake. Mmoja aliutazama mkono akasema, "Alhamdulillahi, umepona. Basi yaishe."

"Mkono ndio uliopona, baba," nikamjibu. "Mahakamani nitakwenda."

Nilikwenda, nikasema yote, mume wangu akafungwa. Alipopitishwa karibu nami na pingu zake aliapa kwamba akitoka ataniua. Mama akanishika bega, tukatoka nje.