Kitenge Chini ya Turubai

Jana ulinuna, mwanangu, nilipokukataza kuivalisha kiti kipya ile pikipiki ya kijani iliyoshuka kutoka mashariki. Ulinung'unika kwamba mteja ana haraka na kwamba mama huyu naye amezidi. Nilikusikia, masikio yangu bado mazima. Basi vuta kigoda ukae, nikupe habari ya siku moja ambayo hunijia kila ninaposhika mkasi.

Nilikuwa na umri kama wako, nashona viti vya pikipiki kwa Tantine Zaina, dada yake baba yangu, hapa hapa mtaani Tshopo, kwenye njia inayokwenda bwawa la umeme. Vita ilikuwa imetulia. Majeshi yalikuwa yameacha pikipiki nyingi, zikauzwa kwa mafungu kwa wafanyabiashara, nao wakawauzia vijana wa kubeba abiria. Mji ukajaa pikipiki za kijani ambazo hakuna aliyejua zilikotoka. Kusema kweli hatukutaka kujua. Tulikuwa tumechoshwa na habari za vita, tulitaka kula.

Siku hiyo kijana mmoja wa Isangi, jina lake Bosco, akaleta ya kwake. Unawajua wateja wetu, hawavui kitambaa cha zamani, wanafunika juu yake tu, kiti kinanenepa mwaka hadi mwaka. Juu palikuwa na ngozi nyeusi ya bandia, nikaichana. Chini yake nikakuta turubai la jeshi, nikalichana nalo, maana sindano isingepita. Chini ya turubai palikuwa na kitenge cha maua ya manjano, na kwenye kitenge doa kubwa la kahawia, limekauka.

Ilikuwa damu. Doa la namna ile nani katika mji huu hakulijua? Lakini nilijitia hamnazo, nikachukua ngozi mpya nikaanza kuipima juu yake. Tantine akanishika mkono.

"Uko unataka kushona juu ya mutu?"

Hakupaza sauti. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni. Kisha akasema mshono ule ni wa mkono wake mwenyewe. Mama Asina, jirani yetu mwenye asili ya Maniema, ndiye aliyekata kipande cha kitenge cha arusi yake, akamwomba Tantine akishone kwenye kiti, ili mume wake akalie kitu kizuri. Mume huyo alikuwa muuguzi wa kupeleka dawa njia ya Banalia. Asubuhi moja wakati wa vita alitoka na sanduku la dawa kwenye keria, hakurudi.

Elewa hali ya Asina, mwanangu. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Eda, yale maombolezo ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani, hakuikaa, kwani utamkaliaje eda mtu ambaye pengine yu hai? Watu walisema ameachwa, mume amepata mwingine mbele ya safari. Na kila pikipiki ilipopunguza mwendo karibu na nyumba yake, alitoka mlangoni.

Bosco aliposikia hayo, alishika usukani kwa mikono miwili. "Tantine, sitairudisha. Hii njo inanikulisha." Tantine akamwambia hakuna anayemnyang'anya, anachotaka ni jina la aliyemuuzia. Akakubali, shingo upande. Hata leo namshukuru, maana angeweza kuiwasha akaenda zake.

Tukaanza kurudi nyuma, mtu kwa mtu. Mfanyabiashara wa sokoni alitufukuza. Tantine akakaa mbele ya duka lake na kitenge mapajani, mpaka aibu ikamzidi mwenye duka, akamtaja askari mmoja wa zamani ambaye sasa alichoma makaa Banalia. Tulipompelekea Asina habari, akasema anakwenda mwenyewe. Bosco akampakia kwenye kiti kile kile, sponji tupu imefungwa gunia, nami nikafuata kwa pikipiki ya rafiki yake.

Yule askari wa zamani alisimulia huku akichokora makaa yake, hakumtazama Asina. Yeye na wenzake walihitaji pikipiki. Muuguzi hakubisha, aliomba tu aachiwe sanduku la dawa. Alikuwa amekumbatia sanduku na kiti pamoja mkubwa wao alipompiga risasi. Turubai walilishona wao, kwa sababu doa lilikataa kutoka. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza jinsi ya kuziba tairi. Nilimchukia, na mpaka leo namchukia, Mungu anisamehe.

Alituelekeza kivukoni, kando ya mto Aruwimi. Mzee wa kivuko akatupeleka nyuma ya nyumba yake, penye mawe yaliyopangwa na majani yaliyofyekwa. Miaka yote hiyo alikuwa akifyeka.

"Sisi njo tulimuzika," akasema. "Tulikuwa tunangoja mutu akuje kuuliza."

Hapo ndipo nilipojionea aibu. Mzee huyu hakuficha kitu. Tulikuwa na njia, tulikuwa na pikipiki yenyewe mlangoni mwetu, na mimi nilikuwa tayari kuifunika.

Asina hakulia. Alikaa chini karibu na mawe, akakunjua kile kitenge magotini.

"Bon," akasema. "Sasa niko mujane."

Tuliporudi akaingia ndani akakaa eda yake yote, na wanawake wa mtaa wakampelekea chakula, hata wale waliokuwa wakimsema.

Kwa hiyo sikukatazi kushona pikipiki za jeshi, mwanangu. Bosco alibaki na yake, na kiti nilimshonea mimi. Ninachokukataza ni kufunika kabla hujachana mpaka kwenye sponji. Ukikuta kitu, weka sindano chini, umuulize mteja aliipata kwa nani, na huyo wa nyuma aliipata kwa nani. Watakutukana. Wengine watakwenda kwa fundi mwingine, nasi tutakula majani ya sombe bila samaki. Uliza hata hivyo. Huko pikipiki hizi zinakotoka vita haijaisha, na kuna mwanamke anayetoka mlangoni sasa hivi.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiokimbia. Akulinde njiani wewe na wako wote, na kama siku moja mtapotezana, awape mtu wa kuwaulizia. Haya, lete wembe. Ile ya kijani bado ina turubai lake.