Bunduki Fupi ya Wamboga

Kama ungepita Mpumudde, mtaa wa Jinja, kabla ya vita, ungemkuta Wamboga mbele ya duka lake la vipuri vya baiskeli, na usingeondoka bila kusikia habari za bunduki yake. Ulikuja kununua spoku, ukarudi nyumbani na spoku na hotuba. Mimi nilikuwa nauza vitambaa duka la pili, na hotuba ile niliisikia mpaka ningeweza kuitoa mwenyewe.

Ilikuwa bunduki fupi, ya mti, ya sura ya zamani. Ukiiona kwa mbali unadhani ni ya mwindaji. Lakini haikula risasi ndefu za mwindaji, ilikula risasi za bastola, zile fupi nene. Ukivuta kifyatulio inatoka moja, nyingine inapanda yenyewe, unavuta tena. Na haikupiga bega teke. "Hata wewe, Mama Latif, ungeipiga huku umebeba mtoto mgongoni," aliniambia. Nikamjibu kwamba mgongoni nina mtoto wa kutosha, sihitaji bunduki kifuani.

Aliinunua kwa Mhindi aliyekuwa bosi wake, wakati Wahindi walipofukuzwa, na polisi wakampa kibali. Kitako chake alikipaka mafuta ya simsim mpaka kikang'aa. Mtu hakuwahi kumpiga. Alipokwenda kwao Wanale, juu ya Mbale, aliibeba akalinde mahindi ya baba yake dhidi ya nyani, na kaka yake Mafabi aliapa kwamba hakuna nyani hata mmoja aliyewahi kupata mchubuko. Wamboga alicheka naye. Alikuwa Mgisu aliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, kwa hiyo mambo ya ushujaa alidhani ameshayamaliza.

Mke wake, Nabirye, alikuwa Msoga, binti wa Kagoya wa Buwenge. Sasa, kwa Wasoga mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mama akija, mkwe anatoka kwa mlango mwingine. Wakiwa na neno, linapita kwa mtu wa kati, au linasemwa ukuta ukiwa katikati yao. Kugusana ndiyo kabisa, hakusemwi. Wamboga, ingawa mila hiyo aliikuta ukubwani, aliishika kuliko wenyewe. Siku moja Kagoya alifika mapema bila habari, na mkwe wake akarukia nje kwa dirisha akiwa na kikombe cha uji mkononi. Tulimcheka wiki nzima. Kagoya mwenyewe alicheka, akaniambia, "Mkwe wangu ana heshima mpaka atavunjika mguu."

Vita vilipokaribia, Wamboga aliificha bunduki darini, na risasi akazifukia kwenye migomba ndani ya kopo la maziwa. Aprili ya mwaka 1979 askari wa serikali iliyokuwa ikianguka walianza kupita Jinja wakikimbia, na kila waliyemkuta njiani walimwachia alama. Walivunja maduka. Walichukua saa, redio, baiskeli, wasichana. Wamboga akafukua kopo. Maji yalikuwa yameingia. Alizifuta zile risasi moja moja kwa shati lake, akazipakia. Nabirye alikuwa na mimba ya kushuka siku yoyote, na hakuna aliyemlaumu mumewe.

Lazima niseme jambo moja kuhusu lugha hii ninayoiandika. Kwetu Waislamu wa Mpumudde Kiswahili kilikuwa cha dukani na cha majirani. Kwa wengine pale mtaani kilikuwa ni sauti ya mtu aliyekuja kukunyang'anya. Bibi asiyejua hata kuomba maji kwa Kiswahili alijua "simama," "lala chini" na "toa mikono." Na alijua jibu lake.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri na mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa chumba cha nyuma na mwanangu Latif, nikasikia kutoka kwenye migomba ya Wamboga:

"Simama! Lala chini! Lala chini nasema, mimi napiga wewe!"

Sauti ile sikuijua. Wallahi, nimeishi karibu na yule mtu miaka, na sikuijua. Nilisema askari wamefika, nikaingia chini ya kitanda na Latif. Nikasikia kitu kidogo, ka, halafu kimya. Halafu nikasikia Nabirye analia, "Mama! Mama yangu!"

Nikatoka. Kagoya alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, mikono ameinyoosha mbele. Alivaa koti la mvua la kijani, la jeshi. Askari walikuwa wanavua nguo zao na kuzitupa ili wapite kama raia, naye aliliokota njiani kwa sababu ya mvua. Barabara ilikuwa imejaa askari, basi akapita kwenye migomba. Alikuja kumwangalia binti yake anayekaribia kujifungua. Beseni lake lilipinduka na unga wa mtama ukawa uji pale chini.

Mguu wa Wamboga ulikuwa mgongoni kwake. Alikuwa amewaona askari wakifanya hivyo, naye akafanya vile vile. Mtutu ulikuwa kisogoni. Na Kagoya, ambaye bado hakujua ni nani aliyemkanyaga, alikuwa anasema, "Samehe afande. Mimi hapana na kitu, afande."

Wamboga alipoiona kanga ya mkwe wake chini ya lile koti, aliuondoa mguu. Uso wake uliharibika. Nilimwonea huruma, mpaka alipofungua mdomo. Akasema kwa Kisoga, "Haikuwa na risasi. Bunduki haikuwa na risasi." Hakusema nisamehe. Neno lake la kwanza lilikuwa hilo, nami nililiweka akilini.

Kagoya aliinuka, akavuta kanga akafunika uso wake wenye tope, kama mila inavyotaka. Katika hali ile bado aliikumbuka mila. Akamuuliza binti yake, "Bado hujajifungua?" Mama na binti walilala kwangu. Asubuhi mtu wa baiskeli alimbeba Nabirye polepole mpaka Buwenge, Kagoya akitembea kando, na mtoto alizaliwa huko. Wakamwita Eseza.

Mji ulipotulia watu walirudi kununua spoku. Hakuna aliyeuliza habari za bunduki, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Halafu mitaa ikaanza utani wake. Mtu anaingia dukani anasema, "Afande, naomba mnyororo." Mwingine anaingia na mikono juu. Mimi mwenyewe nilicheka mara moja, na najilaumu. Wamboga alimjibu kila mtu neno lile lile, hata ambaye hakuuliza: "Haikuwa na risasi." Mwishowe akafunga duka, akarudi Wanale. Mafabi aliniambia kwamba huko sasa anafukuza nyani kwa mawe. Bunduki ameifunga kwenye gunia, ameiweka darini, na hata kuipaka mafuta hataki.

Ilipita zaidi ya miaka miwili. Wamboga alituma watu Buwenge, wakarudi mikono mitupu. Nabirye hakukataa kurudi, lakini hangeweza. Mume ambaye amemkanyaga mama mkwe hawezi kukanyaga ua wake kumchukua mkewe kabla jambo halijasafishwa, na wa kusafisha ni mama mwenyewe. Kisha Kagoya akaniita, akanipa maneno. Kwanza, bunduki irudishwe serikalini, na mimi nishuhudie kwa macho yangu. Pili, aje na mbuzi. Kagoya akimpokea mbuzi, Nabirye na mtoto watarudi. Asipompokea, basi.

Nilikuwa na safari zangu za Mbale za kununua vitambaa, kwa hiyo nikaenda. Wamboga alinipokea Namatala, pale Mbale, amekonda, gunia kwapani. Tulikwenda kituo cha polisi. Pale mezani alikuwepo Afande Semei, mtu wa kaskazini, mwenye sauti ya uchovu. Alifungua gunia, akaitazama ile bunduki kwa furaha kidogo, maana ilikuwa bado nzuri hata na kutu yake. Akavuta chuma cha pembeni. Kilikuwa kizito. Akavuta tena kwa nguvu. Risasi ikaruka, ikaanguka mezani.

Afande Semei aliichukua, akaigeuza. Katikati ya kitako chake palikuwa na kishimo.

"Hii ilipigwa," akasema. "Pini iligonga hii. Risasi ilikataa tu, iko na maji. Wewe ulipiga nani?"

Wamboga akajibu, "Nyani, afande."

Polisi aliandika, akachukua bunduki, akatuambia twende. Tulipofika nje hasira zilinipanda. Kumbe ile ka niliyoisikia chini ya kitanda! Miaka yote ile, "haikuwa na risasi, haikuwa na risasi," mpaka tukaimba naye. Nilimwambia, "Nyani? Mkweo ndiye nyani?"

Alitazama mlima. Halafu akauliza, "Utawaambia?"

"Mimi nimetumwa kuona bunduki imerudishwa," nikamjibu. "Nimeona. Hayo mengine si yangu kusema." Na sikuongea naye tena mpaka Jinja. Wengine watasema nilikuwa mkali. Lakini mwoga nitamvumilia, sote tulikuwa waoga mwaka ule. Aliyenichosha ni mwoga anayejitakasa kila asubuhi.

Buwenge tulifika mchana na mbuzi mzuri, dume jeusi. Kagoya alikaa ndani, nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni. Wamboga aliketi uani, amegeuzia mlango mgongo. Mimi nilisimama katikati ili maneno yapite kwangu. Nabirye alikuwa jikoni anatwanga karanga, na sote tulisikia mchi wake. Hakutoka, lakini alikuwa anasikia kila kitu, na Wamboga alijua.

Nilisema nilichotumwa. Bunduki imekwenda, nimeiona ikichukuliwa. Mkwe amekuja kuomba radhi.

"Huyu mbuzi ni wa nini?" Kagoya akauliza.

"Ni wa mguu, mama," nikajibu.

"Mguu nilishausamehe. Mguu ulikuwa na hofu, na mimi nilikuwa nimevaa koti la askari. Ningekuwa mimi, labda ningekanyaga pia." Kisha akaniambia, "Mwambie mbuzi huyu ni wa mguu. Wa kidole yuko wapi?"

Sikuwa na haja ya kuyapeleka maneno hayo. Yalikuwa yamekwisha kufika. Niliona shingo ya Wamboga ikiingia mabegani.

"Nilikuwa nimelala chini, na chuma kiko kisogoni," Kagoya akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilisikia kidole kikivuta. Binti yangu ameambiwa bunduki ilikuwa tupu, na mimi sijamwambia vingine. Nimemngojea mwenyewe."

Mchi wa jikoni ulisimama.

Hapo ningeweza kusema kitu. Kazi ya mtu wa kati ni kulainisha, na nina ulimi wa kulainisha ninapotaka. Nilinyamaza. Mbuzi alikula jani lililokuwa karibu naye. Nikadhani Wamboga atainuka aondoke, na sijui kama ningemzuia.

Alipoanza kusema, ilikuwa kwa Kisoga kilichochanganyika na Kigisu chake.

"Nilivuta, mama. Ilikuwa na risasi. Mvua ndiyo iliyokataa, si mimi. Ulikuwa umeshalala chini, umeshanyoosha mikono, na mimi nikavuta. Nilitaka kuona mtu mmoja ananiogopa." Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake, mgongo ameupa mlango. "Naona aibu. Kila siku naona aibu, na kila siku nasema uongo ili nisiione."

Nabirye alitoka jikoni, mikono ina unga wa karanga. Alimtazama mumewe kisogoni, mahali pale pale. Akarudi ndani, na mchi haukuanza tena.

Baada ya muda Kagoya akasema nyuma ya mkeka, "Mama Latif, mfunge huyo mbuzi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kupokea. Nikachukua kamba, nikamfunga kwenye mti wa kahawa.

Nabirye alirudi Mpumudde baada ya mavuno ya mtama. Duka likafunguliwa. Eseza amekua, ana mdomo kama wangu. Wamboga anauza spoku bila hotuba, na mtu akianza habari za bunduki, za jeshi au za nani alimpiga nani, yeye huingia nyuma kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Mtaani wameacha kumwita afande. Serikali zimebadilika, na amani tunayo.

Kagoya bado huja kumwona mjukuu wake, na bado hupita kwenye migomba kwa sababu ndiyo njia fupi. Lakini akifika ukingoni husimama kwanza. Anaweka beseni chini, anainua mikono yote miwili, mitupu, na kuita kwa sauti kubwa ambayo duka zima linasikia: "Ni Kagoya! Ni mimi, mama Nabirye!"

Hafanyi hivyo kwa ubaya, nimemuuliza. Anajua bunduki haipo, maana mimi mwenyewe nilimwambia. Anasema tu kwamba miguu yake haikubali kuingia kabla hajaita. Naye Wamboga, akisikia, huweka chini alichoshika na kutoka kwa mlango mwingine, taratibu, kichwa chini, na hukaa huko nje mpaka mama aondoke.